Mstari wa Kuongeza Sita

Jumanne. Joto kali, mvua imegoma kunyesha, na feni ya ofisini inasukuma joto lilelile huku na kule. Sina hamu ya kula. Naandika tu ili nisilie.

Nimechemka. Tena vibaya.

App ya Mama Shayo, anayeuza vitenge kwa jumla hapa Kariakoo, naitengeneza kwa mfumo unaotoa app ya Android na ya iPhone kwa mpigo mmoja. Mipangilio yake ilikuwa imetapakaa kwenye faili sita, na Zuhura, mwenzangu aliyeiandika kabla hajaenda likizo ya uzazi, hakuacha maelezo hata kidogo. Kila nikijenga toleo jipya nahangaika nusu siku. Wiki iliyopita nikasema basi, nazipunguza. Faili sita zikawa moja. Nikajiona fundi kweli.

Humo nilikuta duka linafunguliwa saa 2 na kufungwa saa 11, na chini yake mstari unaoongeza sita. Sita ya nini? Nikacheka peke yangu, nikaufuta.

Jamani, mimi mtoto wa Magomeni! Tangu nizaliwe saa mbili ni asubuhi, watu wanafungua maduka. Zuhura aliandika saa kama tunavyozitaja, halafu akaongeza sita ili simu ielewe. Kwa simu, saa 2 ni saa nane yetu ya usiku, na saa 11 ni saa tano ya asubuhi. Mimi nilijaribu saa nne asubuhi, ikafunguka vizuri, nikairusha kwa wateja wote.

Tangu jana, ikigonga saa tano tu, app inawaambia duka limefungwa. Wateja wa Songea na Mbeya huagiza mchana. Wameenda kwa wengine. Na saa hizo zimo ndani ya app yenyewe, siwezi kuzigusa nikiwa hapa. Lazima nijenge upya, ikaguliwe, kisha kila mmoja apakue.

Nikaenda dukani. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama huyu aligombana na mumewe kwa ajili ya app hii. Mzee alisema vijana wa kompyuta watamfukuzia wateja. Nikamweleza yote bila kuficha. Hakunifokea.

"Acha tu, mwanangu. Nimeshawaambia waifute. Nitawapigia kama zamani."

Mumewe alikuwa palepale anakunja vitenge.

Nimeurudisha mstari. Safari hii nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: HIZI NI SAA ZETU, USIFUTE. Lakini toleo jipya ni la nani, kama wote wameshaifuta?

Kesho nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua, nimwombe namba za wateja niwapigie mwenyewe, mmoja mmoja, niwaombe radhi. Sijui kama atanipa.

Anafungua saa mbili kamili. Hii yetu.