Pikapu Iliyoenda Kuposa

Jumatatu, 10 Februari

Chini ya pikapu tena. Mgongo umekataa. Kutu imeniingia machoni na puani, hata chai ya saa nne ilikuwa na ladha ya msumari. Nimefungua boliti mbili tangu asubuhi. Ya pili ilikatika kichwa.

Mwirigi amepiga simu kutoka Nairobi. Kijana wangu wa kwanza, ana kitambi na maoni. Anataka kujenga nyumba za kupangisha hapa Mitunguu, na pikapu imekalia mahali pa msingi. Ameshaongea na mtu wa skrapu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia, kijana wako Munene anapeleka mahari Runyenjes tarehe nane mwezi ujao. Mahari itabebwa na pikapu hii. Ikifika huko kwa nguvu zake, inabaki kwangu. Isipofika, Jumatatu inayofuata mtu wa skrapu aje na shoka lake.

Amecheka kwanza, vile mamake hucheka nikisema nitaacha ugoro. Kisha akasema sawa.

Jumatano, 12 Februari

Meru mjini, kwa Hamisi fundi. Tumezeeka pamoja, mimi nikiharibu, yeye akitengeneza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko chesisi yoyote aliyowahi kuinyoosha.

"Thuranira, gari lile lilikwisha kufa. Lizike."

"Nyinyi Waislamu huzika haraka. Sisi hungoja kwanza."

Akanitupia kitambaa cha grisi usoni. Atakuja. Lakini vipuri nitafute mwenyewe, na mfungo wa Ramadhani ukianza atafanya kazi asubuhi tu. Jua la Mitunguu si la mtu aliyefunga.

Nimerudi nimechoka kama punda wa maji. Pesa ya vipuri sina. Nina ndizi.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Mama Mwirigi ameniombea. Alinijulisha hivyo kwa sauti ya kutisha.

Radieta nimeipata Nkubu. Nimelipa kwa mikungu ya ndizi, na mwenye duka akachagua ile mikubwa mwenyewe, shetani. Taa moja imetoka kwa trekta iliyokufa. Sasa pikapu ina jicho moja kubwa na moja dogo, kama mimi nikisoma. Springi za kiti cha dereva zilikuwa zinanidunga mahali pabaya. Nimeweka gunia la majani makavu ya mgomba.

Furaha kidogo. Kidogo tu. Magoti yanauma.

Ijumaa, 21 Februari

Sakafu ilikuwa na mashimo, unaona barabara ukiwa umekaa. Hamisi ameziba kwa kipande cha bati. Jioni Mama Mwirigi ameuliza bati la choo limeenda wapi. Nimemwambia upepo. Hakujakuwa na upepo wiki nzima.

Jumanne, 25 Februari

Hakuna kitu. Majirani wamesukuma pikapu hadi barabarani, kisha wakaisukuma ikarudi. Injini haikukohoa hata kwa heshima. Walicheka, nikawatukana, halafu nikaona haya maana walisukuma vizuri.

Sikula. Labda Mwirigi amesema ukweli. Sipendi kuandika hivyo.

Jumamosi, 1 Machi

Imewaka!

Hamisi alikuwa amekwenda na kabureta, ile inayolisha injini petroli, akakesha nayo nyumbani kwake, akaileta ikiwa inang'aa kama meno ya mchumba. Tukajaribu mara nyingi hadi betri ikaanza kunung'unika. Halafu moshi mweusi, kelele, kuku wakatawanyika, na Mama Mwirigi akatoka jikoni na mwiko, tayari kupigana. Mimi nilikaa ndani nikalia kidogo. Nilimwambia Hamisi ni moshi.

Breki hazipo kabisa. Hilo ni la kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Hamisi amefunga. Anafanya kazi kimya, midomo mikavu. Nimeacha kula ndizi mbele yake. Sijawahi kumpa mtu heshima kubwa kuliko hiyo.

Breki sasa zinashika ukikanyaga mara tatu huku ukiomba. Rangi haikutosha. Mbele kijani kibichi, nyuma kutu bado. Kama bwana arusi aliyevaa koti akasahau suruali.

Mwirigi amefika. Amekodi gari la kutufuata nyuma Jumamosi. Ati tahadhari. Sikumsemesha chakula cha mchana chote.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikuandika.

Tulipakia kondoo dume, asali, mablanketi, makreti ya soda. Munene akakaa kando yangu na suti yake mpya. Nkubu, sawa. Chogoria, sawa. Chuka tukasimama kupoza maji. Ule mteremko wa mto Thuci nilikanyaga breki hadi mguu ukafa ganzi. Ng'ambo ya mto, kule kupanda, injini ikaanza kulia. Nikamwambia Munene ashuke atembee, tupunguze uzito.

"Guka," mjukuu akasema, "na kondoo?"

"Kondoo ni mahari. Wewe ni mzigo."

Akapanda mlima kwa miguu, koti begani. Pikapu ikapanda. Mwirigi alikuwa nyuma yetu akimeza moshi wangu. Nilifurahi sana.

Langoni kule Runyenjes akina mama walitufungia vile ni desturi, wakaimba, wakatutoza pesa, wakafungua. Nikaingia nikipiga honi. Mwirigi akashuka akanipa mkono mbele ya watu.

"Baba, umenishinda. Itabaki."

Ningenyamaza hapo.

Lakini niliambiwa nisalimie wakwe. Nikasimama nikasema vile sisi husema siku kama hizo, kifua mbele: hatukuja mikono mitupu, yote mliyoyaona yakipita kwa lango hili leo ni yenu, hatuna kitu cha kurudi nacho. Watu wetu wakapiga makofi. Nikajisikia mtu mkubwa.

Babu ya msichana, Mzee Njeru, ni mtu mwembamba, anaongea polepole. Akainua fimbo.

"Yote, mkwe?"

"Yote!"

"Na ile iliingia ikikohoa?"

Kicheko kila mahali. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani. Kumbe wazee wao wakaenda kando ya ghala, wakanong'onezana, wakarudi na nyuso za kazi. Wakasema ng'ombe wa mahari ambao bado tunadaiwa wanaweza kupunguzwa, lakini pikapu ilale hapo. Njeru ana miti ya makadamia na hana kitu cha kubebea magunia. Alikuwa ameshaizunguka mara mbili, akiipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.

Neno ulilolisema mahali pa mahari hulirudishi mdomoni. Ukilirudisha umesema msichana hatoshi. Mwirigi alikuwa anaangalia viatu vyake. Munene alikuwa ananiangalia mimi, suruali ina vumbi hadi magotini. Wawira, bibi arusi mwenyewe, alisimama mlangoni na sinia ya vikombe, hakusogea.

Nilitoa ufunguo. Nilicheka kuliko wote. Nilitamani kumchapa Njeru na fimbo yake mwenyewe.

Nimerudi na gari la kukodi, kiti cha nyuma. Njia yote hakuna aliyenitania. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwirigi alisahau kumwambia mtu wa skrapu asije. Amekuja na lori, mizani na shoka. Amekuta doa la oili. Akauliza gari liko wapi.

"Limeolewa," nikamwambia.

Ameondoka akinihurumia. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 12 Machi

Mafundi wa Mwirigi wamepiga vigingi na kamba. Nyumba ya kwanza. Hamisi ameuliza kwa simu breki zilishikaje pale Thuci. Nimemwambia zilishika. Nikakata simu. Mama Mwirigi ameniwekea nyama nyingi kuliko kawaida. Sikuzimaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza usiku. Asubuhi simu ikalia. Njeru. Pikapu imekataa kuwaka na amepakia magunia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka kujaribu kabla ya wengine, asionekane.

Nikamwambia afungue boneti, agonge kabureta taratibu na mpini wa bisibisi, upande wa kushoto, asigonge kama anaua nyoka. Akaiweka simu hapo juu ya injini. Nikasikia akigonga. Akaenda, akapiga stata. Ikalia, ikalia, ikashika. Ile sauti. Alisahau kukata simu, na mimi sikukata. Nilikaa kwa kitanda nikisikiliza hadi alipoitoa langoni.

Kuna waya mmoja chini ya dashibodi. Ukilowa, lazima upanguswe kwanza, la sivyo kesho haitawaka hata ugonge namna gani, hadi unipigie simu tena. Huo sijamwambia.