Betri tano juu ya bati

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kuhusu mikrofoni, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Nilinunua ile aina yenye sikio kali, inayoshika hata pumzi, nikaiunganisha na kinasa changu cha kazini. Kimya. Kumbe haifanyi kazi mpaka ilishwe umeme wa volti arobaini na nane, kupitia waya uleule unaoleta sauti. Kisanduku cha kuilisha kiko Goma. Mfanyabiashara ameahidi kukileta kwa ndege wiki ijayo. Mama anahamia Punia kwa dada yake kesho. Unaijua njia ile, na umri wake unaujua.

Binti yako Amina hajawahi kukusikia. Homa ilikuua wakati wa vita, dawa hazifiki Kindu, yeye akiwa bado tumboni. Ulirekodi nusu ya mtaa wetu wa Mikelenge: harusi, kwaya, wazee. Nimezipitia kanda zote. Hakuna hata moja yenye sauti yako. Anayeweza kumweleza vizuri kuliko mimi ulivyokuwa ukisema ni mama yetu, nami nataka kumrekodi kabla hajaondoka.

Mikrofoni yako ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Uliitoa ndani ya redio-kaseti iliyokufa, nayo ilitosheka na betri moja ya tochi. Treni ilipoacha kuja, betri zikawa adimu, kila nyumba ikawa inaanika zake juani. Nilikuuliza kwa nini jua linazirudishia nguvu. "Uulize ao ushike waya," ulisema. "Chagua." Nilishika waya.

Leo asubuhi nilifuatanisha betri tano za volti tisa. Niliweka rezista mbili za kipimo kimoja, ili umeme ugawanyike sawa kwenye nyaya mbili za sauti, na kapasita mbili za kuuzuia usiingie kwenye kinasa. Hesabu ilisema arobaini na tano. Kipimo kilisema thelathini na saba. Betri za sokoni zilikuwa zimechoka kabla sijazifungua, na mikrofoni ilikoroma tu.

Nilitoka kutafuta nyingine, nikarudi mikono mitupu. Meza ilikuwa tupu pia.

"Mama, betri ziko wapi?"

"Juu ya bati. Zilikuwa na baridi."

"Hiyo ilikuwa ya wakati wa vita, mama."

"Na jua ilibadilika? Mikro gani inakula tano, kama askari wa bariere ya barabarani? Ya yaya yako ilikula moja, na haikununa."

Saa tisa alasiri nilipima tena: arobaini na moja. Bado sijui kwa nini. Mikrofoni ikaamka. Mama alikaa, godoro nyuma yake kuzuia mwangwi, akaongea dakika kumi na moja mfululizo.

"Alijirekodi mara moja tu," alisema. "Baba yenu alikuwa ametoka kufa. Akasikiliza, akafuta palepale. Akaniambia: 'Mama, huyu si mimi. Huyu njo baba, ndiye yeye mwenyewe.'"

Miaka yote hii nilidhani ulinyamaza kwa nidhamu ya kazi. Uliogopa, yaya? Au ulimwachia baba sauti yake? Tulilala chumba kimoja, na sikukuuliza.

Amina, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, alivua vifaa vya masikioni.

"Baba mudogo, betri ziko na nguvu bado?"

"Kidogo."

"Koko, sogea. Na mimi niseme, tusikie njo nani."

Mama, bibi yake, akampisha kiti.

Kaa kwa amani huko uliko.

Mdogo wako