Saa Mbili na Dakika Kumi

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ya mawingu mazito na baridi ya kukunja mabega, lakini mvua haikunyesha.

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji, na yule mdogo ambaye nasikia sasa anatembea na kuvunja vikombe. Je, kile kikohozi chako kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza taratibu, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua: ungeuliza swali moja tu ningelia, na habari ingebaki nusu.

Najua Baba yangu amekwambia yuko likizo. Somo, Baba hakuwa likizo. Juzi Alhamisi alisimamishwa kazi ya ghala aliyoifanya miaka kumi na tisa, kwa tuhuma ya kuiba betri nne za magari. Hakuiba. Naanza na hilo ili lisikutese wakati nasimulia mengine, ambayo nayatoa kwenye shajara yangu siku kwa siku.

Unakumbuka ni Baba aliyenipeleka kwa meneja, akamwambia huyu ni mwanangu, anajua kompyuta kuliko wengi wenye vyeti. Nilikuwa nimalize miezi mitatu ya majaribio Ijumaa hii. Jumatatu nilisimika programu ya kamera kwenye seva ya Linux, ile mashine isiyo na mapambo, skrini nyeusi na maandishi tu, nawe unaiamuru kwa kuandika. Kamera hurekodi pale tu kitu kinaposogea. Usiku ule ilikwenda vizuri.

Jumanne niliingia saa moja asubuhi kuongeza kamera mbili, maana meneja alikuwa anamleta mwenye kampuni aje kuziona. Programu ikagoma kuwaka. Nikasoma orodha ya makosa mstari kwa mstari, nikaona haina ruhusa ya kuandika kwenye folda mpya ya video. Nikaipa ruhusa, ikawaka. Mara umeme ukakatika na kurudi, na seva ikaamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma, kwa sababu kibetri kinachoitunzia saa kimekufa. Kwa kawaida huchukua saa sahihi kwenye intaneti, lakini intaneti nayo haikuwepo. Ikabidi niiwekee saa kwa mkono. Simu zetu huachwa getini kwa mlinzi wa mchana, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Nikachungulia mlangoni nikamuuliza saa ngapi. Akanijibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba ni saa mbili kasoro dakika tano, akauliza na shuleni nilisomea kompyuta au usahaulifu. Nikacheka, nikaandika, kamera zikaanza kurekodi. Saa nne intaneti ikarudi. Mwenye kampuni alikuja, akaridhika.

Jumatano walihesabu mali, rafu ya betri ikawa na upungufu wa nne zisizo na karatasi. Alhamisi asubuhi meneja akaniagiza nitafute picha zote za usiku. Nilizipata za Jumanne peke yake. Moja ilikuwa na muhuri wa 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku: Baba anasukuma mkokoteni wenye betri nne. Ghala lile halina dirisha wala taa yake haizimwi, kwa hiyo humo usiku na mchana vinafanana.

Meneja akatuita ofisini, na mhasibu akiwepo, akamgeuzia Baba skrini. Baba alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuingia ghalani usiku, na kwamba betri nne alizitoa Jumanne asubuhi kwa lori la mteja, karatasi ipo. Meneja akamjibu kwamba hiyo karatasi ni ya nne na rafu imepungua nane, sasa nne nyingine zimeota miguu? Mlinzi wa usiku aliapa hakumwona mtu, akaambiwa alikuwa amelala. Hapo Baba akanigeukia mimi, akaniuliza, mwanangu, hiyo mashine inasema kweli? Nikamjibu kwamba mashine haidanganyi. Akafungua funguo kwenye mkanda, mmoja mmoja, akaziweka mezani.

Sasa sikia la aibu. Jioni ileile nilikwenda getini kuchukua simu. Kitabu cha Redio kilikuwa wazi, nikaona mstari wa Jumanne: "2:10. Mkokoteni, betri 4, lori la mteja." Redio huandika saa kama tunavyoisema. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mimi niliambiwa saa mbili kasoro tano nikaandika 01:55, kama nisemavyo mdomoni, badala ya 07:55. Intaneti iliporudi seva ikajisahihisha yenyewe, na kosa langu likabaki ndani ya saa mbili zile tu. Ile picha ya usiku ni ya asubuhi. Ni betri zilezile za mteja.

Nilijua hayo Alhamisi, Somo, na sikusema. Ijumaa meneja aliweka mkataba mbele yangu, akanisifu kwa kumnasa mwizi. Nikasaini. Niliandika jina kwa mwandiko wangu wa kila siku, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka sasa.

Sikulala usiku wa Alhamisi wala wa jana. Leo saa mbili asubuhi nilimpelekea meneja shajara yangu na kitabu cha geti. Alisoma, akauliza nilikuwa wapi jana. Nikamwomba amwite Baba na mhasibu, nikayasema yote mlemle ofisini nilimosema kwamba mashine haidanganyi. Betri nne bado hazijulikani ziliko, ila sasa zinatafutwa kweli. Mkataba wangu umerudi kwenye droo ya meneja hadi Jumatatu.

Baba aliniuliza kitu kimoja tu: nilijua lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa. Kisha akachukua funguo zake, akasema, "Asante, fundi," akatoka. Tangu tukiwa wasichana wa shule huniita mwanangu; hajawahi kuniita hivyo.

Sikuombi unitetee kwake. Ukimpigia, mwache akwambie mwenyewe habari ya hiyo likizo. Nisalimie shemeji, na umbusu mdogo kwa niaba yangu, kama bado unaniruhusu.

Ni mimi, ninayelibeba jina lako,
Somo yako

Jumapili. Naongeza mstari huu kabla ya kufunga bahasha. Jana nililala saa kumi na moja jioni, nikiwa bado na viatu.