Kuacha kwa Kiingereza

Kisarawe, Mei 1955

Mwanangu Zena,

Nimekuficha jambo la neno moja la Kiingereza tangu ulipozaliwa. Kikohozi kimenizidi, na dada yako sasa ananipikia uji bila kuniuliza, basi nakuambia.

Unajua wananiita Mwalimu Livu. Wanasema nilifukuzwa ukalimani bomani kwa kutojua Kiingereza. Waache wacheke.

Siku ile mama yako alisimama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu aliyeamua kesi bomani, mkono umevunjwa na Mwinshehe, mume wake wa kwanza. Aliomba talaka. Bwana Shauri akauliza mume anasemaje.

"Nilimwacha kijijini Soga kwa shangazi, nikaenda kutafuta kazi," Mwinshehe akajibu. "Mke wangu huyu, haendi popote!"

Sisi tuna kuacha kumoja tu. Mwingereza akimwacha mtu mahali husema "leave", ndiyo hiyo livu. Akimwacha mke kwa talaka, husema "divorce". Nilikuwa na maneno yote mawili mdomoni.

Bwana Shauri akaandika talaka, akagonga muhuri. Mwinshehe akanishika kanzu: "We mkalimani, umemwambia nini Mzungu?"

"Nimemwambia umemwacha. Si ndivyo ulivyosema?"

Ndugu zake walipolalamika, nilifukuzwa, lakini muhuri haukufutwa. Eda ilipokwisha nikamwoa mama yako, na hakuvunjwa hata kidole tena. Shehe amekuja jana kunitaka nitubu. Nimemkaribisha kahawa tu.

Mwinshehe hakumtaliki mama yako. Nilimtaliki mimi, kwa Kiingereza.

Baba yako,
Husseini