Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Uzi umekatika tena! Sindano ya mashine yetu hapa maabara imejaa rojo jeusi la plastiki, umeme mkali unalivuta, zinatoka nyuzi nyembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake unaonekana gogo. Zikisokotwa pamoja tunapata uzi wa kufumia nguo, na uzi huo unapitisha umeme. Ukipenda. Leo haukupenda. Nyuzi hizi hukimbilia chochote kilicho karibu, na Profesa, mkuu wetu, alifungua kifuniko akainama kuchungulia. Kazi ya asubuhi nzima ikahamia kwenye ndevu zake. Hata hakuomba radhi. Aliuliza kama ndevu sasa zinapitisha umeme.

Ijumaa wanakuja wageni wa kiwanda cha nguo. Nimeahidi glavu: kidole gumba kikigusa kidole cha shahada, balbu inawaka. Ikiwaka, watatufadhili. Isipowaka, chumba chetu wanapewa wenzetu wanaotafiti gundi, nami narudi kupima sabuni. Watu wa gundi wameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Jumanne, 4 Juni

Maabara nzima hakuna anayejua kufuma. Fundi mitambo alijaribu, akatoa kitu cha kuchujia chai.

Nyumbani yupo mama mkwe, amekuja kututembelea. Anafuma huku akitazama televisheni, mikono haitazami hata mara moja. Mume wangu akasema nimwombe. Mimi? Nimwombe mtu ambaye tangu harusi anaosha upya vyombo nilivyokwisha kuosha?

Nimemwomba. Akaupapasa uzi, akaunusa, akasema uzi huu hauna adabu lakini atajaribu.

Jumatano, 5 Juni

Anafuma. Haruhusu mtu kusogea. Nimetumwa jikoni, mboga zimeungua. Hajasema kitu kuhusu mboga, na hilo linanitisha zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Glavu imekwisha. Nzuri ajabu, kama imezaliwa na mkono. Mama akanivisha mwenyewe, akasema: “Kumbe kazi yako ina maana, mwanangu.” Miaka yote hii sijawahi kusikia neno hilo. Machozi yalinilengalenga.

Alipoingia kuoga nikatoa kipimo cha umeme. Kidole cha shahada — pii. Cha kati — pii. Cha pete, cha mwisho — pii, pii. Gumba — kimya kama maji ya mtungini. Nikabadilisha betri ya kipimo. Kimya.

Alipotoka nikamuuliza kwa upole, nikizunguka mbuyu weee. Akajibu bila wasiwasi kwamba uzi wangu ulimwishia kwenye gumba, akamalizia kwa sufu yake nyeusi. Rangi ileile, nani ataona?

Uzi uliopungua najua uko wapi. Uko kwenye ndevu za Profesa.

Nami nikasema nini? Nikasema, “Imependeza, Mama.” Mwoga mkubwa mimi! Chumbani mume wangu akanishauri nimwambie ukweli, ni jambo dogo. Basi mwambie wewe, ni mama yako. Akakumbuka kwamba kesho ana kikao cha mapema. Mkuki kwa nguruwe.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia. Jikoni, chai mkononi. Kwamba sufu haipitishi umeme, na gumba ndilo linalowasha taa.

Akaweka kikombe chini.

“Jana ulisema imependeza.”

“Imependeza, Mama.”

“Ukaniacha nilale nikijisifu.”

Nilikosa pa kuuweka uso. Nimemdharau bila kujua, na nilidhani ni heshima. Akajifunga kanga, akauliza mashine iko wapi.

Sasa yuko maabara. Gumba amelifumua. Ameketi penye kigurudumu cha kusokotea, uzi ukitoka tu anaudaka na kuufuma hapohapo. Profesa amefokewa mara mbili kwa kuacha mlango wazi, upepo unakata nyuzi. Mara ya pili alisema “samahani, Mama” na kusimama ukutani. Mimi nimefukuziwa nyuma ya kabati, eti namsogelea mno na kumtia kiwewe. Ndiyo maana naandika.

Wageni wamefika kabla ya wakati! Wamemzunguka, wanadhani haya ndiyo maonyesho yenyewe. Mkubwa wao amemuuliza Profesa mtaalamu huyu amemtoa wapi. Profesa alikuwa bado anafungua mdomo.

“Mimi si mtaalamu,” Mama akasema, macho kwenye sindano zake. “Uzi ni wa mke wa mwanangu, yule anayejificha. Amekonda kwa ajili yake. Mimi nimeletwa tu nimsaidie.”

Wote wamegeuka kunitazama. Gumba bado halijafungwa nchani, na sijalipima. Balbu iko mezani. Mama ameinua glavu.

“Acha kuandika, mwanangu. Lete mkono.”

Nakwenda.