Mguu Ulioshuhudiwa

Shianda

Shemeji Makhanu,

Natumaini huko Nakuru mko wazima. Huku mahindi yamesimama vizuri, ila kuku wamepungua. Nakuandikia, na barua nampa Kemunto, anayesafiri kuja huko, akuletee, kwa sababu simu yetu ni moja na ndugu yako Osiako ndiye anailalia.

Aliporuhusiwa hospitalini na vyuma mguuni, baada ya kuanguka kutoka kwa trela ya miwa, daktari alimwambia arudi kliniki. Lakini kanisa lilikuwa linamngoja nyumbani. Tulichinja ingokho, kuku wa wageni, tukaimba, naye akasimama kwa magongo akashuhudia kwamba Bwana amemponya kabisa. Hilo "kabisa" ndilo linatutesa.

Siku ya kliniki nilimpigia shati pasi. Akasema, "Mama Sylvia, watu wakiniona kwa foleni ya wagonjwa watasemaje?"

Nikamwambia, "Watasema unangoja daktari."

Hakucheka, wala kliniki hakwenda. Sasa mguu umevimba na unatoa usaha. Jirani akimjulia hali, anajibu "Mungu ni mwema" na kuvuta blanketi.

Nilimwendea pasta. Akaninong'oneza kwamba yeye mwenyewe huenda kliniki ya presha kila mwezi. Nikamwomba aseme hivyo Jumapili, kwa sauti. Amesema ataliombea jambo hilo kwanza.

Mguu hautangoja maombi ya pasta. Wewe ndiye mkubwa wake, na mimi ananiona sina imani. Mpigie leo. Mwambie heri ushuhuda uchechemee kuliko yeye akatwe mguu.

Shemeji yako anayekutegemea,
Gentrix