Wimbo wa Firigisi

Mbotela, Nairobi
Desemba

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utaiweka kando kwanza, na sikulaumu. Mguu wako unaofura wakati wa mvua unaendeleaje? Na baba, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili hauna neno. Kiwandani tunaoka biskuti mchana na usiku kwa ajili ya sikukuu, na hata nikishaoga bado nanukia sukari. Tafadhali barua hii isome mwenyewe, polepole, vile unavyosoma Biblia. Usimpe Roda akusomee kwa sauti.

Dada yangu Roda ameniandikia. Hakunigombeza, amenieleza tu. Anasema wimbo umefika huko, redio inaupiga asubuhi na jioni, na watoto kwenye mashine ya kusaga wanakuimbia "Hakuwa nayo, hakuwa nayo" ukipita na mahindi yako. Anasema umeacha kuongoza kwaya ya akina mama, na huu ndio mwezi wenyewe wa kwaya. Na baba, ambaye hajawahi kukosa taarifa ya habari, ametoa betri kwenye redio akaziweka juu ya kabati. Nilisoma barua hiyo nimesimama kwenye mlango wa nyumba, nikashindwa kuingia ndani.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Jirani yangu hapa anaitwa Njuguna. Kazi yake ni kutengeneza redio pale sokoni Jericho, na jioni hupiga gitaa. Unajua redio inavyokuwa Desemba: kwaya, kisha salamu za watu, kisha kwaya tena, na hapo katikati mtangazaji hupenyeza wimbo mmoja wa kuchekesha, wa mbuzi aliyetoroka au mgeni aliyelewa, na ndio huo watu wote wanaukumbuka hadi Januari. Njuguna alikuwa akitafuta wake. Jumapili moja tumekaa barazani na vijana wa ploti yetu ya kupanga, kila mtu akasimulia kituko cha Krismasi ya kwao. Zamu yangu ilipofika nikasimulia ile Krismasi ya mchungaji na firigisi. Nikaiga sauti yako.

Walicheka, mama. Hapa Nairobi mimi ni mtu wa kupakia katoni, hakuna anayegeuka nikizungumza, na siku hiyo walicheka wakashika mbavu. Njuguna aliweka gitaa chini. "Manze, hiyo ndiyo ngoma," akaniambia. "Na usibadilishe kitu. Hiyo sauti ya mathe wako ndiyo itaipeleka." Huku ngoma ni wimbo, na mathe ni mama.

Tukaurekodi, redio ikauchukua, nawe umeusikia, kwa hiyo sihitaji kukueleza. Paka analia, sufuria zinaanguka, Njuguna ni mchungaji mwenye tumbo, na mume anamkimbiza mkewe kuzunguka nyumba kwa mwiko. Mke ni mimi, mwanamume mzima. Ninabana pua na kusema, "Kuku huyu hakuwa nayo, baba, aliumbwa hivyo." Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa kiwandani, na watu waliacha kazi kunipigia makofi. Huku Mbotela wakaanza kuniita Mama Firigisi, nami nikawa naitika. Nilivimba kichwa, siwezi kukuficha.

Lakini mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mtoto, umenituma kuni, nikakukuta nyuma ya jikoni. Ulikuwa na mimba ya Roda. Ulikuwa umeamka kabla ya watu wote, umechota maji, umepika, na wageni wakazidi wale mliowatarajia. Kwetu wakati ule firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba, yeye aile au ampe mgeni anayemheshimu, na mwanamke hakuigusa. Uliitia mdomoni ikiwa moto, umefumba macho, na machozi yalikutoka kwa ule moto. Kisha ukaniona. Hukuniambia ninyamaze. Ulifuta mikono kwenye leso, ukabeba ugali ukaingia ndani.

Baba alipindua vipande kwenye bakuli mbele ya wazee, halafu akakuita. Ulisimama mlangoni ukasema kwa sauti ya chini, "Huyu hakuwa nayo." Baba akakutazama, akatazama tumbo lako, akasema, "Basi aliyemuumba anajua," akampa mchungaji paja. Hakukimbiza mtu. Hata wageni walipoondoka sikumsikia akikuuliza. Ni kitendo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumwona baba akifanya, na nilipokuwa nasimulia pale barazani nilikiruka kwa sababu hakichekeshi. Mimba nayo niliiruka. Njaa pia.

Baada ya barua ya Roda nilimwendea Njuguna nikamwomba auondoe redioni. Alinihurumia, lakini alisema ngoma ikishatoka si yetu tena, ni ya watu. Basi siku yangu ya mapumziko nikavaa shati la kanisani nikaenda mjini hadi kwenye kituo cha redio, nimwombe mtangazaji asiupige tena. Askari wa getini aliniuliza mimi ni nani na nataka nini. Nikamwambia mimi ndiye ninayeimba sehemu ya yule mama. Uso wake ulibadilika palepale.

"Ni wewe?" akasema. "Hebu tufanyie kidogo, hawa pia wasikie."

Palikuwa na watu wamesimama hapo, wamekuja kuleta kadi zao za salamu. Wote wakanigeukia. Nami nikafanya, mama. Wala si kidogo. Nilibana pua, nikashika kiuno vile unavyoshika wewe, nikaongeza hata maneno ambayo hayamo wimboni. Walicheka mpaka askari akaegemea geti, na kwa muda ule nilisahau kabisa kilichonileta. Nilipokumbuka, alikuwa amekwenda kumwita mwenzake aje anione, nami sikuwa tena na uso wa kuomba chochote. Niliondoka nikarudi Mbotela kwa miguu. Barua ya Roda ilikuwa kwenye mfuko wa shati muda wote huo.

Wimbo ninaweza kusema niliuimba bila kufikiri. Pale getini nilikuwa nimeshajua unavyoumia, na bado nilifanya. Hiyo ndiyo aibu inayonikosesha usingizi.

Nimepewa likizo ya Krismasi. Nilikuwa nimepanga kuja, nisimame kanisani mbele ya watu wote nieleze ukweli, kwamba ulikuwa mjamzito, kwamba ulikuwa na njaa. Nimeyaandika maneno yenyewe, nikayasoma, nikayachana. Niliona ninataka kukusimulia tena kwa watu bila kukuuliza. Safari hii nakuuliza. Ukitaka niseme, nitasema. Ukitaka jambo hili lisitajwe tena na mtu yeyote wa nyumba yetu, sitalitaja. Ni lako, lilikuwa lako tangu mwanzo.

Nisalimie baba, kama atakubali kupokea salamu zangu, na kama hataki usimlazimishe. Msalimie Roda, mwambie barua yake niliipata na asiogope kwamba amenikosea. Salamu kwa bibi, ambaye natumaini bado anaota jua kila asubuhi. Na mke wa mchungaji, mwenzako wa kwaya, mwambie nami namsihi akurudishe mbele, pale mahali pako.

Roda amemaliza barua yake kwa kusema kwamba siku baba alipotoa betri, wewe ulisema neno moja tu: "Elamu ameipata sauti yangu sawasawa." Nimelibeba neno hilo hadi kazini na kurudi. Mama, si kweli. Zamani nikichoka huku, nilikuwa nakusikia ukiniita kutoka shambani, kwa jina, kwa sauti yako. Sasa nikiitafuta inakuja ile ya kubana pua, na hiyo ni yangu. Yako siisikii tena, nimeipoteza. Nitakuja. Hata kama ni kunifukuza, nifukuze kwa mdomo wako, nami nikiwa nimesimama hapo mlangoni nasikia.

Ni mimi mwanao,
Elamu